Harling Riyadh, Mpira Jeddah

Ijumaa, 3 Oktoba

Joto limelegea. Asubuhi nimeshika usukani wa basi bila kitambaa, mara ya kwanza tangu Mei. Hapa Riyadh hatuhitaji tangazo lingine. Usukani ukishikika, Waairishi wanarudi uwanjani.

Wajukuu wangu wataniuliza siku moja nilifanya nini Arabuni, na sipendi wafikiri niliendesha basi la shule tu. Kwa hiyo msimu huu nitauandika. Naanza na maelezo, kama nilivyoanza kila somo la jiografia kule Kakamega kabla sijastaafu.

Walimu wa Kiairishi wa shule hii, pamoja na wauguzi na wahandisi wa kwao walioko mjini, wana michezo miwili. Wa kwanza ni mpira unaochezwa kwa mikono na miguu. Mchezaji anaudaka, anakimbia nao hatua nne, kisha lazima audundishe chini au aupige kwa ncha ya kiatu urudi mkononi, ndipo aendelee. Ukipita juu ya mwamba wa goli, katikati ya milingoti, ni pointi moja. Ukiingia chini ya mwamba ni goli, yaani pointi tatu. Mchezo wa pili unaitwa harling. Hesabu ni ile ile na uwanja ni ule ule, ila mpira ni mdogo, wa ngozi, mgumu, na kila mtu ana fimbo iliyo bapa mwishoni. Bonface aliiita mwiko siku ya kwanza alipoiona, na hadi leo hata Mike, kocha wao, huuliza mwiko wake uko wapi.

Anayecheza yote miwili ni nadra. Kwao wanamtazama kama sisi tunavyomtazama mtu anayelima mashamba mawili kwa mvua moja. Hapa tunaye mmoja, naye si Mwairishi. Ni huyo Bonface, askari wa lango la shule, mtoto wa kwetu Kakamega.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mazoezi ya kwanza. Vumbi. Bonface alitoka zamu ya usiku akaingia uwanjani bila kulala. Nilimwambia ana miaka thelathini na minne sasa, akanijibu kwamba miaka haina zamu.

Jumanne, 14 Oktoba

Nilikuwa nangoja wanafunzi watoke, nikakumbuka alivyoanza.

Ulikuwa msimu wa mwisho kabla ya korona. Waairishi walikuwa mazoezini na mpira ukabingirika hadi langoni, aliposimama Bonface na sare yake. Fimbo ya mtu ilikuwa imeegemea uzio. Aliichukua, akainama, mkono wa kushoto juu na wa kulia chini, akaupiga mpira ukiwa ardhini. Ulikata uwanja mzima kwa kimo cha kifundo cha mguu ukagonga mfuko wa Mike. Mike alinyamaza kidogo, kisha akaja kuuliza kijana huyu amefundishwa na nani. Bonface alinyoosha kidole kwenye basi langu. Ilikuwa heshima tu. Pigo lile ni la hoki, na hoki alijifunzia shule ya jirani, ambayo sisi tuliichukia kwa sababu za haki kabisa.

Lazima nieleze kwa nini Mike alinyamaza. Vijana wa siku hizi huko Ayalandi huuinua mpira kwanza, wakaushika, wakaupiga kutoka mkononi. Kuupiga ukiwa bado ardhini ulikuwa mtindo wa wazee wao, na karibu umekufa. Aliniambia baadaye kwamba kuuona mpira ule ukisafiri chini kulikuwa kama kusikia kikohozi cha marehemu baba yake chumba cha pili.

Hata hivyo hoki ilimpa Bonface na taabu zake. Sisi tuliokuwa walimu wa hoki zamani tulikataza fimbo kupita bega. Ikipita, filimbi. Harling inataka fimbo ipae hadi juu ya kichwa. Kwa misimu miwili Bonface aliinua fimbo, akafika begani, akasita na kunitazama mimi nje ya uwanja kana kwamba nina filimbi mfukoni. Mike alijaribu kumbadilisha mikono pia, maana wao huweka mkono wenye nguvu juu. Mwishowe akaacha. Alisema mtu akija na urithi usimvue nguo.

Ule mpira wa mikono haukumsumbua. Utotoni alikuwa kipa, na mpira wa juu anaudaka kama anachuma papai.

Ijumaa, 17 Oktoba

Leo siandiki mengi. Kuna kongamano Olaya, katikati ya mji, barabara zote zimejaa. Bonface alipanda metro, mimi nikafika mazoezi yakiisha.

Ijumaa, 24 Oktoba

Habari mbaya. Kampuni ya ulinzi inamhamishia Bonface Jeddah. Ataanza mwezi ujao, kwenye jengo la ofisi.

Nimekasirika kuliko inavyofaa umri wangu. Jeddah ipo timu ya ule mpira wa mikono, Waairishi wapo, watampokea. Lakini harling Jeddah hakuna. Hakuna timu, hakuna fimbo hata moja. Na mashindano ya nje hayamfai. Waairishi wakitaka kucheza Dubai au Doha wanapanda ndege Alhamisi jioni. Bonface anahitaji kibali cha kafili, yaani mwajiri anayemdhamini, cha kutoka nchini na kurudi, na kafili wa kampuni ya ulinzi hatoi kibali kwa ajili ya mchezo. Tangu aanze, mashindano pekee anayoweza kuyafikia ni yale ya Jeddah, mara moja kwa mwaka, ambapo michezo yote miwili huchezwa siku moja. Mwaka huu yamepangwa tarehe kumi na mbili Desemba. Magoti yake yameanza kulia, na aliniambia mwenyewe kwamba mwaka huu anataka kumaliza vizuri, amecheza yote miwili siku hiyo, halafu halas, basi.

Mike alikwenda kuzungumza na msimamizi wa kampuni. Alirudi uso umekunjamana. Ameambiwa mafi mushkila, hakuna shida, kisha akafungiwa mlango.

Alhamisi, 30 Oktoba

Tumekwenda soko la Dirah, mimi na Bonface, kutafuta begi. Alinunua begi kwa Mbangladeshi mmoja bila kubishana, jambo ambalo lilinishangaza, kisha akaenda moja kwa moja duka la manukato na kununua chupa ya udi. Nikamuuliza ni ya nani. Akasema ni ya Rosebellah.

Rosebellah ni mkewe. Anafanya kazi za ndani kwenye nyumba kubwa moja huko Al-Hamra, Jeddah, mwaka wa tatu sasa. Wote wawili wako nchi moja, na huonana kwa mwaka mara chache kuliko mimi ninavyomwona daktari wa meno. Nikasema angalau uonevu huu wa kampuni utakuwa na faida hiyo moja.

Alisimama katikati ya watu na begi kichwani.

"Mwalimu, usiilaumu kampuni. Niliomba mimi."

"Lini?"

"Kitambo. Nafasi ndiyo imetokea sasa."

"Na hukuniambia."

"Ungenikataza kwa maneno mazuri," akasema, "na ningekubali."

Tukarudi kwenye gari. Nilimfundisha nini huyu kijana, nikajiuliza, nikakumbuka kwamba sikumfundisha kitu. Ni mimi niliyejigawia ualimu huo.

Jumamosi, 1 Novemba

Ameondoka kwa basi la asubuhi. Mwiko wake ameuviringisha kwenye shuka. Askari wa kituo alitaka kujua ni silaha gani. Bonface akamwambia kwa Kiarabu chake kwamba ni ya kupikia, na jamaa akacheka akamwachia.

Ijumaa, 14 Novemba

Wachezaji ni pungufu. Lango la shule lina askari mpya, Mnepali mwenye adabu, ambaye muda wote wa mazoezi huwapa wachezaji mgongo.

Ijumaa, 21 Novemba

Leo nimegombana na Stephen. Huyu ni nahodha wa harling, mhandisi, kijana mwenye ndevu nyekundu na kichwa kigumu. Bonface alinipigia simu jana kwa furaha kwamba Jeddah wamemsajili kwenye mpira, na kwamba siku ya mashindano atacheza mpira na Jeddah asubuhi, kisha harling na Riyadh mchana. Niliupeleka ujumbe nikidhani naleta zawadi.

Stephen alisema kanuni yao inajulikana: asiyefanya mazoezi hachezi. Pia akasema si rahisi kumpa mtu jezi yako mchana baada ya kukupiga asubuhi. Nilimjibu kwa Kiingereza changu cha ubaoni kwamba hajakomaa. Akaendelea kukusanya mipira, na hilo liliniudhi zaidi.

Eddah, mke wangu, nilipomsimulia kwa simu aliuliza kama kuna mtu amekufa. Nikasema hapana. Akaniambia basi nilale.

Jumanne, 9 Desemba

Mvua Jeddah. Riyadh yapata wingu tu na upepo wenye mchanga.

Jumatano, 10 Desemba

Mvua bado. Bonface ametuma picha, gari limezama hadi vioo kwenye mtaa wa jengo lake. Rosebellah naye amesimama siku nzima akichota maji kwenye chumba cha chini cha madam, mwajiri wake. Kwetu mvua kama ile ingepotelea kwenye migomba. Kule mji umemwagiwa saruji na maji hayajui pa kwenda.

Alhamisi, 11 Desemba

Mashindano yameahirishwa. Uwanja ni ziwa.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Niliendesha basi kama kawaida. Jioni tulikuwa Wakenya wachache chumbani kwangu, chapati na kuku, tukaimba kwa sauti ya chini. Bonface alipiga simu kutoka Jeddah. Alikuwa akiupiga mpira wa harling kwenye ukuta wa maegesho ya chini, msimamizi akamkataza kwa sababu ya mwangwi. Anasema hana wa kucheza naye hata mmoja. Mpira unampiga mtu mmoja tu, yeye.

Nilimuuliza Rosebellah yuko vipi. Hupata mapumziko kila Ijumaa, kutoka adhuhuri hadi magharibi. Hukutana kwenye nyasi za ufukweni karibu na nyumba anayofanyia kazi, wakala, yeye akalala usingizi mkekani na Bonface akamfukuzia nzi. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu asiyetaka kitu kingine. Nilipokata simu sikuwa na hasira tena ya Dirah. Nimeishi mbali na Eddah miaka hii yote, na hakuna mtu aliyenifukuzia nzi.

Ijumaa, 9 Januari

Baridi ya kuuma. Pumzi inaonekana. Mike ametangaza tarehe mpya: Ijumaa, sita Februari. Ikishindikana hiyo, hakuna nyingine, kwa sababu Ramadhani inaingia siku chache baadaye, na baada ya Ramadhani ni joto.

Ijumaa, 16 Januari

Leo baada ya mazoezi tulikwenda kunywa chai Olaya, Mike, Stephen, wengine wanne na mimi. Nilikuwa nimejiapiza kunyamaza. Jina la Bonface likaletwa na Stephen mwenyewe. Alisema amefikiri, na bado haoni jinsi ya kumpanga mtu ambaye hajagusa mazoezi tangu Oktoba, wakati wapo waliokuja kila Ijumaa na vumbi hili. Kwa mara ya kwanza nilimsikia vizuri. Alikuwa akiwatetea wale wasiojua kucheza, ambao ndio huja kila wiki. Mimi pia nilikuwa nao shuleni, na wazazi wao hawakuwahi kunishukuru.

Mike alikoroga chai yake hadi ikapoa. Kisha akatueleza jambo la kwao. Vijijini Ayalandi timu ni ya parokia. Parokia moja inaweza kuwa na mpira bila harling, na ya jirani harling bila mpira. Basi mtu anayependa vyote huwa wa parokia yake kwa huu na wa jirani kwa ule, na hakuna anayemwita msaliti. Baba yake aliishi hivyo. Jumapili moja aliwapiga majirani kwenye mpira, Jumapili iliyofuata akavaa jezi yao.

"Na walimpa jezi?" Stephen aliuliza.

"Walimpa iliyolowa," Mike akasema. "Lakini walimpa."

Walicheka wote. Stephen akakubali Bonface aandikwe, ila benchi. Waliofanya mazoezi wataanza. Nikasema hiyo ni haki. Nadhani nilisema kweli.

Jumanne, 27 Januari

Vumbi limefunga anga. Taa za basi mchana.

Alhamisi, 5 Februari. Njiani, kisha Jeddah

Wachezaji wanaruka kwa ndege. Mike na mimi tulipewa gari la shule na fimbo zote, mipira, mahema na maji. Tulitoka kabla ya alfajiri. Jangwa, jangwa, ngamia, kituo cha petroli, jangwa.

Mike alizungumza zaidi ya nilivyomzoea. Naye alicheza vyote viwili ujanani. Alifika mahali makocha wawili walimtaka siku moja, mmoja wa mpira na mmoja wa harling, na kila mmoja akamwambia achague. Akachagua. Hakuniambia alichagua upi, nami sikuuliza. Alisema tu kwamba ule aliouacha ndio anaouota. Nikaelewa kwa nini miaka yote hii hajawahi kumwambia Bonface achague.

Baada ya Taif tulishuka mlima wenye kona nyingi, nyani kando ya barabara wakitutazama kama watoza ushuru. Chini tukapinda kwenye njia ya wasio Waislamu, inayozunguka Makka, tukaingia Jeddah jua likizama. Hewa hapa ni nzito na ina chumvi. Mfupa wangu wa bega umefurahi.

Ijumaa, 6 Februari

Naandika nimechoka, lakini nisipoandika leo kesho nitaipamba.

Uwanja ni wa shule moja upande wa kaskazini. Timu zilikuwa Jeddah, Riyadh na kundi la wageni kutoka Bahrain waliovuka daraja kwa magari. Mpira wa mikono ulipangwa asubuhi, harling mchana.

Bonface alikuja na jezi ya Jeddah, ya buluu. Alinisalimia kwa mikono miwili, kisha akaenda kuwasalimia wa Riyadh. Walimpa mikono, si vibaya, lakini kama watu wanaopokea bili.

Mechi ya Jeddah na Riyadh sitaieleza yote. Stephen alipangwa kumkaba Bonface. Walikimbizana hadi wote wawili wakawa na rangi moja, ya vumbi. Ilipobaki kidogo walikuwa sawa. Mpira ukapigwa juu sana upande wa goli letu, Stephen na Bonface wakaruka pamoja, na papai likachumwa na mwenye mazoea. Alitua kwa mguu wenye goti bovu zaidi, nikaona uso wake ukijikunja, akageuka hata hivyo na kuupiga juu ya mwamba. Pointi moja. Jeddah wameshinda kwa hiyo hiyo moja.

Wa Riyadh walirudi hemani. Mmoja alisema, akijua nasikia, kwamba askari wetu ametufungia lango. Wengine walicheka kwa shida.

Adhuhuri akaja Rosebellah. Ni mwanamke mfupi, mkakamavu, abaya nyeusi na raba nyeupe, na anapoamkia anakutazama machoni. Madam alimwacha atoke mapema kidogo. Alikuwa hajawahi kumwona mumewe akicheza mchezo wowote kati ya hii. Alimkuta amelala chali, barafu gotini. Alimtazama, akatazama goti, akauliza kama huo ndio mchezo aliosifiwa.

"Huo umeisha," Bonface akasema. "Sasa kuna wa fimbo."

"Na goti?"

"Goti limesikia."

Mchana Bonface alivaa jezi ya Riyadh, ya kijani. Haikuwa imelowa. Alikaa benchi kando yangu na Rosebellah, mwiko magotini. Riyadh na Bahrain walikwenda sambamba. Wale vijana wa kila Ijumaa walicheza kuliko nilivyowahi kuwaona, na nilifurahi na kuumia kwa wakati mmoja, kwa sababu kila walipocheza vizuri hapakuwa na sababu ya kumtoa yeyote. Bonface aliwashangilia kwa majina. Lakini mkono wake ulikuwa ukiikamata na kuiachia ile fimbo.

Nikatazama saa. Rosebellah naye alikuwa akitazama saa yake, kwa sababu nyingine.

Muda ulipokuwa umekwisha karibu wote, Stephen aliinua mkono kwa mwamuzi. Alishika kifundo cha mguu, akaonyesha benchi, akaja akichechemea. Alimgonga Bonface begani akasema ingia. Bonface akakimbia. Stephen akaketi mahali pake, akanywa maji, na baada ya muda mfupi akainuka kufuata chupa nyingine. Alikwenda na kurudi anatembea kama mimi na wewe. Aliniona nimemwona. Akaangalia uwanja.

Sasa nieleze yaliyotokea, kwa kuwa wajukuu watapenda kusikia kwamba Bonface alifunga goli. Hakufunga. Mpira haukumfikia. Alisimama pale mbele, akahama, akaita, akakimbia nafasi alizopaswa kukimbia na goti lile, na mara mbili mpira ulianza kuja kwake ukakatwa njiani. Kisha filimbi. Sare. Aliingia na kutoka bila kuugusa.

Niliogopa kumtazama akirudi. Alikuwa anacheka. Alipeana mikono na Bahrain wote, akapeana na Riyadh wote, na yule aliyesema habari za lango akamkumbatia hadi wakakaribia kuanguka. Akaja akaketi.

"Mbona hukuugusa?" Rosebellah akamuuliza.

"Haukuja."

"Na unacheka."

"Nilikuwa ndani," akasema. "Asubuhi ndani, mchana ndani. Umeniona." Akaanza kufungua kamba za viatu. "Sasa halas. Harling tumeimaliza. Jeddah hakuna wa kucheza naye."

Rosebellah aliinuka. Aliuokota mwiko wa Stephen, uliokuwa nyasini, akaupima uzito kama mtu anayenunua mhogo. Mpira mmoja ulikuwa karibu. Akakusanya abaya kwa mkono, akaifunga fundo kiunoni juu ya suruali ya michezo, akainama. Kushoto juu, kulia chini. Akaupiga. Ulikata nyasi hadi kwenye hema la Bahrain, na watu wawili wakaruka.

 Mike alikuwa na sandwichi mdomoni, akaitoa.

Nilimuuliza amesoma wapi. Akataja shule ya wasichana ambayo kila mwalimu wa hoki wa mkoa wetu aliiogopa, na akasema alicheza kiungo wa kati miaka minne. Nikamgeukia Bonface.

"Ulijua?"

"Mwalimu, mimi niliipenda hoki yake kwanza. Sura niliiona baadaye."

"Na mimi nilimpenda kwa sababu alikuwa kipa," Rosebellah akasema. "Alikuwa mbali, hakuongea sana."

Nikauliza, kwa kuwa kuuliza ndiyo kazi niliyosomea, kwa nini basi mtu amelia tangu Novemba kwamba Jeddah hana mwenzake. Bonface aliinamia viatu vyake. Alisema mke wake husimama siku sita, na siku yake ya saba ina saa chache. Hangeweza kumwambia hizo nazo akimbie.

"Hukuniuliza," Rosebellah akasema.

"Ningekuulizaje? Ukifika unalala."

"Nalala kwa sababu unakaa hapo unanifukuzia nzi kama mgonjwa. Mtu atafanya nini?"

Mike alicheka hadi akajifuta macho, na sidhani yote yalikuwa kicheko. Rosebellah alitazama saa, akasema yalla, madam anangoja. Akamnyooshea Stephen mwiko wake. Stephen alikataa kuupokea. Alisema anazo nyingine nyumbani, jambo ambalo si kweli, nimezipakia mimi garini na nazijua. Akachukua pia mpira mmoja mfukoni akampa.

Jumamosi, 7 Februari

Barabara. Mike alilala hadi Taif.

Jumapili, 8 Februari

Shule. Stephen alinipita kwa gari langoni, akasimama kunisalimia. Kesho nitamwambia Eddah kwamba nilimkosea yule kijana. Ataniuliza ni kijana gani.

Ijumaa, 13 Februari

Usukani ulikuwa moto leo. Mazoezi hayakuwapo, Mike amefunga stoo mpaka vuli. Mchana nilikuwa nafua mashati, simu ikalia. Bonface. Nyuma yake nilisikia upepo na mawimbi na watoto wa watu. Walikuwa ufukweni, kwenye nyasi zao. Alisema haraka haraka kwamba wamecheza tangu adhuhuri, kwamba goti limekubali, kwamba Rosebellah anapiga kwa hasira ya miaka yote ya jikoni, na kwamba pigo la mwisho limepita juu ya kichwa chake, likapita mawe, likaingia baharini. Ulikuwa mpira wao pekee. Alitaka kujua kitu kimoja, kwa kuwa mimi ndiye ninayejua vitu. Unaelea?

Nikaacha shati kwenye beseni nikamweleza. Ngozi ya nje hunyonya maji, lakini kiini chake ni lile gome jepesi wanalotengenezea vizibo vya chupa. Kwa hiyo utaelea, ila utalowa na kuwa mzito, na mawimbi yakiwa yanaelekea ufukweni utarudi wenyewe, wasiogope, ni suala la subira na upande wa upepo. Nilikuwa bado naeleza upande wa upepo niliposikia sauti ya Rosebellah, karibu na simu.

"Mwambie Mwalimu asante. Sasa vua viatu, uingie."